Gari la Mkwe na Maji ya Saa Kumi

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna injini katika nchi hii isiyoujua mkono wangu. Nilikuwa fundi mkuu wa gereji ya mabasi pale Changamwe. Madereva walikuwa wakinililia!

Haya. Nilikuwa nje ya geti, nauza mahamri na mbaazi. Lakini geti lilikuwa wazi na macho nilikuwa nayo. Huo ufundi nilijipa mwenyewe siku Maxwell alipokuja kumposa binti yangu Dama. Kijana alijitapa mbele ya wazee kwamba ni injinia wa meli. Nikaona nisipitwe. Tangu siku hiyo mkwe wangu ananiamini. Shida yote ni hiyo.

Maxwell anarudi kutoka baharini Jumapili. Ametuma sauti kwenye simu ya Dama. Ati gari lake limefikia servisi, baba achague mwenyewe: alipeleke kwa wakala kule kisiwani, kuvuka feri, au alifanye kwa mikono yake, maana baba ni fundi. Ila Jumapili alikute linanguruma.

Gari lenyewe sasa! Jekundu, viti viwili, limelala chini kama kandambili. Maxwell asema Kenya nzima yako manne tu. Basi waliobaki wana akili. Lina banda la mabati mapya na shuka la kujifunika. Mimi baba mkwe nakaa chumba cha nje, hapa hapa Mtongwe, na kinavuja. Nacho nimepewa kwa kulilinda hilo gari. Leo Dama amenikumbusha, kwa adabu, huku akinimiminia chai: Maxwell amesema gari likiharibika hatahitaji mlinzi tena, na baba ataenda kupumzika Mariakani kwa shangazi Nyamvula.

Kupumzika! Dada yangu Nyamvula huwaamsha watu kwa maombi na kuwalaza kwa maombi. Katikati hupika mchicha.

Nimechagua. Nitalifanya mwenyewe. Wakala wa nini?

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia wakala. Si kwa kumhitaji. Ni kumwibia maarifa. Akashika simu msichana anaitwa Cheryl, sauti laini kama ya muuguzi. Nikamwambia namwulizia rafiki yangu mmoja, ana gari fulani, jekundu. Akaniuliza kama ni lile la Maxwell wa Mtongwe. Aka! Gari likiwa adimu hata uongo hauna pa kujificha.

Akanisihi nisiliguse. Lina oili yake peke yake, lina kompyuta yake, na mafundi wake wamelisomea ng'ambo. Mwisho akaniuliza, mzee wangu, linaendeleaje kwa jumla?

Kwa jumla! Goti langu la kushoto limevimba tangu Krismasi na hakuna aliyeniuliza linaendeleaje kwa jumla. Gari lina daktari kisiwani. Mimi nina dawa ya kuchua.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya upasuaji. Dama ameenda kazini. Jirani yangu Gershom, mstaafu wa jeshi la maji, akaleta kiti chake ukutani na kikombe cha uji, kama mtu aliyekata tiketi.

Nikatafuta kijiti cha kupimia oili. Hakuna. Gari la bei ya nyumba halina kijiti! Nikaingia chini kwa tumbo. Nikaona nati, nikafungua. Ikamwagika oili nyekundu, safi kama sharubati. Nikacheka. Hii ndiyo wanayosema imechakaa? Wezi wakubwa! Nikafunga, nikaenda juu, nikamimina oili mpya. Dumu lote, maana gari adimu halifanyiwi ubahili.

Nikawasha. Moshi! Ukatoka mweupe, mnene, ukapanda ukuta, ukaingia kwenye nguo alizoanika mke wa Gershom. Gershom akauliza kutoka ndani ya moshi kama Papa mpya amepatikana.

Kisha akaja, akachovya kidole kwenye ile oili nyekundu, akanusa. Akasema hii ni ya giaboksi. Kwamba giaboksi sasa ni kavu, na injini ina oili mpya juu ya ile kuukuu, imeshiba mpaka shingoni. Mwanawe aliwahi kulifanyia hivyo gari la kanisa.

Nikamwambia najua. Ndiyo mtindo wa sasa.

Halafu nikaenda kuoga. Sabuni ikaniingia machoni kwa muda mrefu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebadili uamuzi. Wakala! Mtu mzima hubadili uamuzi. Cheryl amesema nilipeleke kesho, wataningoja mpaka saa kumi na mbili. Sikumweleza habari ya sharubati.

Shida ni njia. Gershom amesema nikodi lori la kubebea magari, au nipite Dongo Kundu, barabara mpya, laini, hakuna feri. Wallahi neno la Dongo Kundu lilikuwa mdomoni mwangu! Amelitoa yeye kwanza. Sasa nikipita huko nitasikia mpaka kaburini kwamba Gershom ndiye aliyenionyesha njia.

Kwa hiyo feri. Maxwell mwenyewe hajawahi kulipandisha. Maji yakiwa yamekupwa, feri hukaa chini, na ule mlango wake wa chuma unaolalia ukingo huwa mlima. Tumbo la gari hili lingebaki pale. Lakini Maxwell hajui kusoma mwezi. Kesho ni mwezi mpevu. Bamvua! Saa kumi alasiri maji yatajaa mpaka juu, feri itainuka, mlango utalala sawa kama mkeka. Gari litapita kama bwana harusi.

Gershom akasema na foleni je? Nikamwuliza katika jeshi la maji alifundishwa foleni au bahari. Akachukua kiti chake akaenda. Alikuwa mpishi.

Ijumaa, 14 Machi

Foleni.

Nilifika mapema, giaboksi ikilia kama mbuzi anayepelekwa buchani. Mbele yangu malori. Saa kumi maji yakajaa, kama nilivyosema! Mlango ulilala sawa kabisa, mkeka mtupu. Nikauona kwa mbali, kupitia chini ya lori la saruji. Feri moja ikaenda. Ya pili ikaenda. Nikayatazama maji yakiondoka taratibu, kama mgeni aliyekumbuka safari nyingine.

Tulipopanda, tumbo lilikwaruza. Nikakohoa kwa nguvu ili watu wasisikie.

Upande wa kisiwani ndiko kulikokuwa na mambo. Mlango ulikuwa umeshakuwa mlima. Pua ikapanda, tumbo likakaa juu ya chuma, matairi ya nyuma yakazunguka hewani. Giaboksi ikapiga kelele, ikakohoa, ikanyamaza. Harufu ya kitu kilichoungua.

Na ukingoni watu! Mamia, wamefunga, na tende mkononi na mifuko ya viazi, wanataka kuvuka waende nyumbani Likoni kwa futari. Hakuna anayeweza kupanda. Mimi ndiye nimeziba njia. Kijana mmoja akauliza hili ni gari au ni kiatu cha mtu kimesahauliwa. Mama mmoja mwenye bakuli la kaimati akaniambia, babu, Mungu anakuona, na sisi pia twakuona.

Adhana ikalia. Wakafuturu hapo hapo wamesimama, kwa tende, wakinitazama. Mtu akanipitishia moja dirishani. Nikaila. Yule mama akawauliza wenzake kwa sauti kama babu naye alikuwa amefunga.

Walipopata nguvu, wanaume wakashika pande zote, wakalinyanyua. Mabegani! Wakapanda nalo ukingo taratibu, wakiitikiana, kama jeneza. Mimi nilikuwa bado ndani. Nimefunga mkanda. Simu zote zilikuwa juu.

Jumamosi, 15 Machi

Gari lilipofika kwa wakala kwa kuvutwa, Cheryl hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alisema giaboksi imekufa, na nyingine hutengenezwa kwa kuagizwa, miezi. Akauliza ni nani aliyeitoa oili. Nikasema wezi. Akaandika "wezi".

Video imefika Mtongwe kabla yangu. Imefika mpaka kwenye meli. Maxwell ametuma sauti. Niliisikiliza nikiwa nimejiandaa kwa matusi, majibu yote nilikuwa nayo. Hakutukana. Alisema tu, baba, pole sana, umechoka, sasa upumzike.

Dama akanifungia begi mwenyewe. Akanipigia pasi hata shati la kazi. Mtu akipigiwa pasi shati la kazi, ujue harudi.

Nikamwambia wakala ndiye aliyeniponza, angekuwa upande huu wa maji, haya yasingetokea. Akaendelea kukunja. Kisha akasema alijua siku zote kwamba sikuwa fundi. Kwani alilelewa na nini kama si yale mahamri? Aliona haya kunivunjia heshima mbele ya mumewe, akadhani mwenyewe nitasema sijui, gari lipelekwe kwa wenyewe, yaishe. Neno moja tu, baba. Sijui.

Nikamwambia pasi ina moto sana, ataniunguzia kola.

Jumatatu, 17 Machi

Mariakani. Mchicha.

Nimelifikiria jambo lote bila hasira na nimeona kosa lilipokuwa. Ni saa. Maji hujaa mara mbili kwa siku. Ningepita na maji ya alfajiri, foleni haipo, leo ningekuwa Mtongwe na Maxwell ananiletea soda. Mipango yangu haikuwa na kasoro. Ilikuwa na jioni.

Jana dada yangu alinipeleka kanisani kwao. Jenereta lao likazima katikati ya mahubiri. Mchungaji akatangaza ataita fundi kutoka mjini. Sijui ni nini kilichoniinua kitini! Kanisa zima likapiga makofi. Nyamvula ametangaza kwa majirani kwamba kaka yake, fundi wa meli, atalimaliza kabla ya Jumatano. Fundi wa meli hilo silo nililosema. Lakini sikumsahihisha mbele za watu.

Asubuhi nimelifungua. Vipande vyote ninavyo, viko juu ya jamvi, isipokuwa kimoja ambacho kuku amekimbia nacho.

Naandika hapa nisisahau nitakapompigia Gershom. Mwaka jana alipokuwa kwao Vihiga nilimzikia mbwa wake, tena kwa heshima, na hajanifanyia lolote la kulipa wema ule. Simwombi kikubwa. Ampigie tu Cheryl, aulize kana kwamba anajiulizia mwenyewe, jenereta huwekwa oili kwa tundu lipi. Na asinitaje.