Mara ya Kwanza Kushiriki

Jamani wa Migori, leo nimeaibika. Si aibu ya kujikwaa sokoni. Ni aibu ambayo hata kuku wa wenyewe walisimama kutazama!

Mnajua nilikwenda Homa Bay, kwa kina Achieng, kujitambulisha. Sifa za baba yake mnazijua pia. Ameshawarudisha wachumba wawili, mmoja eti kwa sababu alicheka vibaya. Otieno, mshenga wangu, alinipa masharti mapema.

"Usipinge mzee. Na mama yake Achieng usikaribie kabisa. Maro, huyo mama mkwe, haguswi, hata mkono hapewi. Siku mzee ataita wewe mkwe, umepita. Kabla ya hapo wewe ni mtu tu."

Nikamwambia nimeelewa. (Fundi wa baiskeli mwenye akili timamu, ndani ya koti la kuazima.)

Sasa leo ilikuwa fainali ya Kombe la Afrika, Afrika Kusini na Tunisia. Tulimkuta mzee ameweka redio kwenye stuli uani, viti vimeizunguka. Akalitazama koti langu, akaniuliza swali moja tu.

"Kijana ya Migori, unajua mpira?"

Hapo mzee alinigusa penyewe! Nikamshushia mabingwa wote tangu kombe lianze: Misri, Misri tena, Ethiopia, Ghana, Ghana tena, nikateremka nao hadi Nigeria juzi. Otieno alinifinya mgongoni. Sikusikia kitu.

"Basi leo ni Tunisia," mzee akasema. "Hawa Afrika Kusini ndio mara yao ya kwanza. Mgeni hachukui kombe."

Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Ghana, Mzee. Sitini na tatu. Mara ya kwanza kushiriki, tena wakiwa kwao, na wakachukua."

Uso wa mzee ukakunjamana. "Umekuja kuoa ama kufundisha?"

Achieng, aliyekuwa akitunawisha mikono, nusura amwage maji.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao, redio ikaanza kufifia. Mzee akamtuma Otieno mwisho wa ua akainue waya wa antena, kisha akapaza sauti: "Leteni mabetri!" Yale yaliyoanikwa juani yapate nguvu. Mkono ukayapitisha juu ya bega langu. Sikugeuka, macho yalikuwa kwenye redio.

Goooli! Afrika Kusini!

Nikajikaza. Nikapiga kofi moja la heshima, kama mzee wa kanisa. Baba yake Achieng akakohoa.

Hatujatulia, la pili! Mchezaji yule yule aliyetoka benchi!

Jamani, heshima ilinitoroka. Niliruka, nikapiga kelele, "Ghana! Ghana sitini na tatu!" Macho nimeyafumba, nikageuka, nikamkumbatia Otieno, nikamwinua juu na kumzungusha.

Kisha nikamsikia Otieno akipiga nduru kwa sauti ya mwanamke.

Nikafumbua macho. Otieno alikuwa kule mwisho wa ua, ameshika waya, mdomo wazi. Na mikononi mwangu, kitambaa cha kichwa kikining'inia sikioni, alikuwa mama yake Achieng! Ndiye aliyeleta mabetri, akabaki nyuma ya kiti changu kusikiliza. (Kumbe naye ni mtu wa mpira!)

"Mayoo! Yawa, niachilie!"

Nikamwachilia. Akakimbilia jikoni bila kiatu kimoja. Mzee akazima redio.

"Nilidhani ni Otieno," nikasema. (Otieno ana ndevu.)

"Wewe!" Mzee akaninyooshea kidole. "Uliona wapi mkwe anabeba maro yake juu juu kama gunia ya omena? Wewe ni mkwe aina gani?"

Nikajua nimekwisha. Nikalitafuta lango kwa macho. Kisha nikamwona Achieng amejifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika, na moyo ukaniuma kwelikweli. Miaka miwili ya kumbembeleza, nimeipoteza kwa goli moja.

Ndipo Otieno akasema, bila kuachilia waya, "Asante, Mzee. Sisi wote tumesikia. Umemwita mkwe."

"Sijamwita!"

"Kama yeye si mkwe, basi huyo mama si maro yake, na mwiko haujavunjwa. Kama mwiko umevunjwa, ni mkwe. Chagua, Mzee."

Kabla mzee hajachagua, sauti ikatoka jikoni.

"Baba Achieng! Mkwe wako alete mbuzi ya kuondoa hiyo mwiko, na wewe washa redio! Mtu amebebwa juu hivi na hajui hata kama kombe imechukuliwa?"

Achieng akafunua uso. Alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka!

Redio ikawashwa. Kipenga cha mwisho kikalia, Afrika Kusini mabingwa, mawili bila. Mzee akanigeukia kama mtu anayemeza kwinini.

"Mkwe," akasema. "Hiyo ya Ghana, hebu sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti, hadi jikoni wasikie!

Basi msinicheke. Mbuzi nitapeleka, na fainali ijayo nitasikiliza nikiwa nimefungwa kamba kwenye kiti. Ila kwenye orodha ya mabingwa mniweke mahali pangu. Ghana walichukua mara ya kwanza wakiwa kwao. Afrika Kusini wamechukua leo wakiwa kwao. Mimi nimechukua ugenini.