Sikio la Kushoto, Mali ya Idara

Kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, naomba kuujulisha umma kwamba Idara ya Magari ya Kumbukumbu imekamilisha zoezi la kusajili vifaa vyake vya kazi kwa asilimia mia moja na tatu. Hizo tatu za ziada ni sikio.

Naomba kufafanua. Mimi ni Afisa Msaidizi wa Daftari la Mali. Nilihitimu chuo mwaka jana, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba nchi hujengwa kwa daftari lililojazwa vizuri. Wenzangu wa darasani walinicheka. Leo wao wanauza laini za simu; mimi nina meza, na meza ina droo.

Idara yetu ina watumishi thelathini na wanane na gari moja. Ni gari la michezo la Kiingereza, la kijani, viti viwili, lisilo na paa, lililoundwa kabla baba yangu hajaoa. Mara moja kwa mwaka, siku ya gwaride, Mkurugenzi hulipanda na kuwapungia watu mkono kwa mita mia nane. Siku zilizobaki tunaziandaa hizo mita mia nane. Kuna Kitengo cha Rangi. Kuna Kitengo cha Matone, maana gari hilo huvuja oili tangu lizaliwe. Kuna pia Kitengo cha Paa, chenye maafisa watano, ambacho kinasubiri paa.

Halafu kuna mtu mmoja anayelitengeneza.

Huyo tunamwita Mama Kabureta. Ana miaka hamsini na minane, na ni kibarua wa muda kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Gereji yake iko nyuma ya jengo, baada ya choo cha wageni: benchi la mbao lililojaa makovu ya tindo, dirisha moja, gasketi za injini zimetundikwa msumarini kama mikufu. Spana ni zake mwenyewe, za inchi, alizoachiwa na baba yake. Nati za gari lile hazijui milimita. Ukizilazimisha zinalainika kona, na nati ikishalainika kona, anasema Mama, hata umwite nani haitoki.

Mwezi wa tatu Mkurugenzi alitoa waraka. Ulikuwa mfupi na wenye mantiki: mtumishi asiye na kifaa cha idara kilichosajiliwa hana kazi; asiye na kazi hana nafasi; nafasi zote zilizo wazi zitajazwa tarehe thelathini. Waraka haukumtaja mtu. Ila siku hiyo hiyo shemeji yake Mkurugenzi, mwenye cheti cha mafriji, alionekana gereji akipima urefu wa kiti cha Mama.

Nilifungua daftari langu. Mstari wa Mama Kabureta ulikuwa mweupe. Spana zake si za idara. Bisibisi si ya idara. Niliacha chakula cha mchana mezani, nikaenda gereji.

“Mama, nitajie kifaa chochote ambacho ni cha idara. Kimoja tu.”

“Cha idara? Mwanangu, idara hainipi hata sabuni ya kunawia.”

“Sasa gari unalitengenezea nini?”

“Njoo uone.”

Akafungua boneti, akawasha. Injini ilikuwa inakohoa. Akanieleza kwamba gari lina kabureta mbili, na lazima zote mbili zivute hewa sawasawa. Moja ikimzidi mwenzake, injini hukosa raha na kuzima. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akahamia ya pili. Akarudi ya kwanza.

“Huyu anavuta kwa pupa. Unasikia?”

Nikasikiliza. “Sioni tofauti, Mama.”

“Ndiyo maana wewe uko ofisini.”

Akazungusha skrubu kiasi cha robo ya ukucha. Injini ikatulia, ikawa inanguruma kama mtu mnene aliyelala vizuri.

“Basi kifaa ni mpira!” nikasema, kalamu tayari.

“Mpira nimeukata bustanini kwangu. Kifaa ni sikio.”

“Lipi?”

“La kushoto. La kulia liliondoka na ekzosi, mwaka ule silensa ilipopasuka.”

“Ilipasuka saa za kazi?”

“Saa za kazi.”

Hapo nilipata mwanga. Kama sikio la kulia lilipotelea kazini, basi la kushoto lilifundishwa kazini: miaka ishirini na sita, muda wa idara, injini ya idara. Nikafungua fomu papo hapo. Aina ya kifaa: sikio. Idadi: moja. Hali: zuri. Mahali linapohifadhiwa: kichwani.

“Mtengenezaji?” nikauliza.

“Andika mama yangu.”

“Sasa namba ya usajili tutaibandika…”

“Nibandike karatasi usoni uone kama hutalala na spana mbavuni.”

Tulikubaliana namba ivaliwe kama hereni. Mstari haukuwa mweupe tena. Mama alikuwa na kifaa, kwa hiyo alikuwa na kazi. Umma uelewe kwamba nililia kidogo, chooni, kwa furaha.

Changamoto ndogo zilianza saa kumi na nusu, getini.

“Mama, hilo halitoki,” alisema mlinzi.

“Lipi?”

“Hilo lenye namba. Mali ya serikali. Kibali kiko wapi?”

“Kwa hiyo niliache?”

“Mimi siamui unaliacha wapi. Mimi ni geti.”

Nikaandaa vibali vya kutoka na kurudi, nakala tatu kila siku. Wiki iliyofuata Kitengo cha Matumizi kikamwandikia mume wake barua, kumkumbusha kwamba sikio la kushoto la mkewe halipaswi kutumika kwa shughuli binafsi. Mzee, ambaye ni fundi cherehani, alifika mezani kwangu, barua mkononi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

“Kijana, wewe ndiye unayesema mke wangu asinisikilize?”

“Ni Kitengo cha Matumizi, mzee wangu. Mimi naweka nakala tu.”

“Miaka thelathini na mitatu nalalamika hanisikilizi. Sasa mmempa na barua!”

Nilimsaidia kujaza ombi la matumizi maalumu, akaruhusiwa dakika kumi kwa siku. Alinishukuru sana. Alisema hajawahi kupata nyingi hivyo.

Mkurugenzi aliporudi kutoka semina alilisoma daftari na kutabasamu kwa zile asilimia. Kisha akafika mstari wa sikio, tabasamu likakaa kidogo, likaondoka.

“Hiki kifaa ni cha idara?”

“Ndiyo, mkuu.”

“Basi idara inaweza kukihamisha. Kikabidhiwe fundi mpya.”

Siku ya makabidhiano shemeji alikuja na fomu na boksi dogo lililotandikwa pamba. Mama Kabureta alilitazama boksi, akamtazama yeye.

“Utalibebaje, shemeji?”

“Hata sijui, mama. Nimeambiwa nisaini.”

Kamati ya Makabidhiano ilikaa siku tatu. Iliamua kwamba sikio lihamie kwa shemeji kimaandishi, na kwamba mwili unaolibeba utaondoka kazini tarehe thelathini, sikio likibaki. Niliuliza litabakije. Katika muhtasari waliandika kwamba utekelezaji utazingatia hali halisi. Mama alisikia uamuzi huo akiwa amekaa kwenye benchi. Alianza kuzifunga spana za baba yake kwenye kitambaa, moja moja, kubwa kwanza, na mimi nikashindwa kumwangalia.

Gwaride lilikuwa tarehe ishirini na nane. Shemeji, hereni yenye namba ikiwa imening’inia kwenye sikio lake, ndiye aliyepewa kuandaa injini. Aliweka mpira wa maji akainama.

“Unasikia nini?” akauliza Mama.

“Hewa.”

“Hewa gani?”

“Hewa… nzuri.”

Akazungusha skrubu mpaka zikagoma, akaona ni ishara kwamba kazi imekamilika.

Gari lilikwenda mita arobaini vizuri kabisa. Mkurugenzi alipunga mkono. Kwenye mita ya arobaini na moja lilikohoa, ya hamsini likapiga mlio wa bunduki nyuma, na watu wa tarumbeta, ambao wamefunzwa vyema, wakalala chini wote. Lilizima mbele ya jukwaa la Waziri, likaanza kudondosha oili taratibu juu ya zulia jekundu.

Mama Kabureta alikuwa pembeni na kile kitambaa cha spana. Alitoka kwenda kulisaidia gari, kwa mazoea tu. Mkurugenzi aliruka chini, akamkamata bega, akapeleka mdomo kwenye sikio la kushoto, na mbele ya Waziri na kamera zote akapiga kelele:

“UMENIHUJUMU!”

Mama alijishika sikio.

“Ati?” akasema.

“Nimesema umenihujumu!”

“Ati?”

Waziri alishuka kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa na daftari kwapani, maana natembea nalo, na dhamiri yangu haikunipa nafasi. Nilimsomea Kanuni ya Kumi na Nne, iliyotungwa na Mkurugenzi mwenyewe baada ya dereva kuvunja kioo: mtumishi wa ngazi yoyote atakayeharibu mali iliyosajiliwa atakaa pembeni papo hapo na kukabidhi ofisi, mpaka mali hiyo irejee katika hali iliyoandikwa daftarini, na mtu anayekaa na mali hiyo hataondolewa kazini wakati wote huo, kwa kuwa ni ushahidi.

“Hali iliyoandikwa ni ipi?” Waziri aliuliza.

“Zuri, mheshimiwa.”

Waziri akamgeukia Mama, akasema kwa upole, “Mama, kwa sasa liko katika hali gani?”

Mama aliitazama midomo yake kwa makini. “Ati?”

“Nani huthibitisha kwamba mali imepona?” Waziri akaniuliza.

“Anayekaa nayo, mheshimiwa.”

Juu ya boneti, Waziri akasaini Mkurugenzi akae pembeni, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Mkurugenzi alikabidhi funguo za ofisi mbele ya watu wa tarumbeta, ambao sasa walikuwa wanajipangusa vumbi magotini.

Daktari wa serikali amekwisha kulipima sikio mara mbili. Ameandika kwamba haoni kasoro, lakini kitaalamu hawezi kumsikilizia mtu. Kwa hiyo Mama Kabureta yupo kazini. Tarehe thelathini imepita mara sita. Shemeji anajifunza kwake, na amefikia kuosha plagi peke yake. Ni mtu mzuri, akielekezwa.

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Mkurugenzi huja gereji na fomu ya uthibitisho. Hana ofisi, hivyo hungoja kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama huwa ameinama kwenye kabureta na mpira wake, anahama kutoka moja kwenda nyingine, anazungusha robo ya ukucha, anasikiliza tena. Akimaliza anafuta mikono, kidole kwa kidole. Hapo Mkurugenzi husimama na kuuliza kwa sauti ambayo kusema kweli imekuwa nzuri sana, ya adabu, nisiyowahi kuisikia alipokuwa na ofisi:

“Mama yangu, leo unasikia?”

“Ati?”

Nami naandika kwenye fomu: bado.

Jumatatu iliyopita alichoka. Injini ilikuwa inaunguruma, Mama ametugeuzia mgongo, kichwa kimezama ndani ya boneti. Mkurugenzi akanisogelea na kuninong’oneza:

“Kijana, wewe unajua kabisa huyu mama anasikia.”

“Anajua,” akasema Mama, bila kuinua kichwa.

Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika hilo. Nikageuza upande wa pili, nikatafuta na huko. Hapakuwepo.

Nikaandika: bado.