Ukuta wa Milimita Moja na Nusu

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimemshinda Christella, mchoraji mwenzangu! Naandika kwa Kiswahili nilichokulia nacho Karagwe. Hapa ofisini Kagugu, ng'ambo ya mpaka, wengi wanakisema, lakini kukisoma hawana subira. Salama.

Kazi yetu ni kuchora injekta, yaani pua za kupulizia mafuta, za injini za meli. Injini moja ina kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Mimi meli sijawahi kuiona. Hata bwawa la kuogelea hunitia kizunguzungu. Meli za siku hizi zinachoma gesi, na dizeli kidogo ya kuiwashia. Wenye injini wanataka injekta moja ipulize vyote viwili, tena iwe fupi, maana juu ya silinda hakuna nafasi. Bosi wetu, Injinia Gahongayire, alisema atakayepunguza milimita sitini ndiye atakayesimama mbele ya wageni wiki ijayo. Christella kapunguza arobaini na moja, akapigiwa makofi. Mimi sitini! Kamili!

Nimefanyaje? Nimelaza njia ya gesi ubavuni mwa njia ya dizeli. Ukuta kati yao umebaki milimita moja na nusu. Kompyuta ikapapaka rangi nyekundu, maana yake chuma kitapasuka. Nikaingia kwenye mipangilio ya rangi, nikaiambia nyekundu ianzie kwenye mkazo mkubwa zaidi. Pote pakawa kijani. Kijani kama mashamba ya chai! Si uongo. Ni rangi tu.

Jumanne, 3 Machi

Balaa. Nilidhani mchoro utalala kwenye faili miezi sita. Injinia ameutazama, ameusifu, ameagiza uchongwe leo leo kwa chuma halisi. Ijumaa kifaa kitajaribiwa kwa mafuta yenye shinikizo la baa mia tisa. Tairi ya gari ni baa mbili na nusu. 

Mchongaji ni Mzee Hamduni wa Biryogo, miaka thelathini kwenye mashine ya kukereza vyuma. Ndiye pia anayeviandaa kwenye chumba cha majaribio. Alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Mwanangu, hii ukuta hapa katikati iko milimita ngapi?"

"Moja na nusu, Mzee."

"Na inatosha?"

"Kompyuta imesema inatosha."

Akakunja karatasi. "Sawa. Mimi siwezi bishana na kompyuta. Lakini ile haishiki chuma. Mimi ndio nakishika."

Mchana sikula. Christella, ambaye hapendi mtu ale kwa amani, alisimulia kwamba mafuta yakitoka kwenye ufa kwa shinikizo hilo, yanaingia mwilini kama sindano, wala mtu hahisi. Kesho yake mkono unavimba. Keshokutwa unakatwa. Alisimulia huku akimenya ndizi.

Jumatano, 4 Machi

Nikiri? Nitafukuzwa. Nimepata mpango.

Asubuhi nimeandika barua isiyo na jina, nikaisukuma chini ya mlango wa Injinia. Nimesema chuma kilichotumika ni kibovu na jaribio liahirishwe mwezi mmoja. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Werevu mtupu!

Saa tano alituita wote. Alisema amefurahi sana kuona humu kuna mtu anayejali usalama, ingawa mwandiko wake ni wa chekechea. Chuma kimepimwa tena, ni kizima kabisa. Jaribio liko palepale. Akaongeza kwamba sasa ana imani kuliko jana.

Nimemwongezea imani! Mimi mwenyewe!

Alhamisi, 5 Machi

Mpango wa pili. Wakati wa jaribio mtu haruhusiwi ndani ya chumba. Injekta hutazamwa kwa kamera. Bila kamera, hakuna jaribio. Basi wakati wa chakula nimechomoa waya wa kamera, nikauviringisha ndani ya soksi yangu.

Ukatafutwa kila kona. Christella alipiga magoti mpaka chini ya pampu. Injinia akasema basi, tungoje waya mpya. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ndipo Mzee Hamduni akainua mkono. Akasema zamani, kabla ya kamera, walikuwa wanatazama kwa macho yao. Humo chumbani, kando ya pampu, kuna kioo kinene, atasimama nyuma yake. Wageni wako njiani, asingependa kijana aaibike kwa sababu ya waya. Kijana ni mimi! Injinia alikataa mara mbili. Mara ya tatu akautazama mchoro wangu, kijani tupu, akakubali.

Waya unaniwasha kifundoni. Nikiurudisha watajua. Nisipourudisha, nimemwingiza mzee wa watu chumbani. Nimekunywa maji glasi nne. 

Ijumaa, 6 Machi

Saa nne. Mzee Hamduni alivaa aproni yake ya ngozi, akasema Bismillahi, akaingia. Mlango ukafungwa. Injinia akawasha pampu. Baa mia moja. Mia mbili.

Mpango wa tatu ulikuwa nizimie kwenye mia tatu, watu wanikimbilie, jaribio lisimame. Nikazimia vizuri sana. Hakuna aliyegeuka! Christella alinikanyaga vidole akienda kusoma mita. Mia nne. Mia tano.

Nikainuka peke yangu, nikachungulia kidirisha cha mlango. Mzee alikuwa ametoka nyuma ya kioo. Ameinama, kifua chake mbele ya injekta kabisa, anatazama kama chuma kinatoa jasho la mafuta.

Sikumbuki kufikiri. Nilikibamiza kitufe chekundu cha kuzimia pampu. "Mzee, toka! Toka! Utakufa!"

Pampu ikazima. Mita ikashuka hadi sifuri. Wote wakanitazama. Nikasema yote: rangi, ukuta, barua. Waya nikautoa kwenye soksi mbele yao. Ulikuwa umelowa jasho.

Injinia hakupaza sauti. Akamwomba Mzee atundike aproni pale alipokuwa amesimama, na atoke. Mlango ukafungwa, chumba kitupu, pampu ikawashwa upya. Mia tano. Mia sita. Kwenye mia sita na arobaini tukasikia sauti kama kofi.

Tulipofungua, aproni ilikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Kifuani, upande wa kushoto. Mzee alipitisha ncha ya bisibisi, ikatokea upande wa pili.

"Hapa ndio nilikuwa," akasema.

Hakunitukana. Heri angenitukana! Akanawa mikono, akaenda zake kuswali Ijumaa. Mimi nilibaki nimekaa kwenye ngazi.

Jumatatu, 9 Machi

Sijafukuzwa. Injinia amesema aliyekiri atabaki, lakini kwa miezi mitatu mchoro wangu wowote hautatoka bila saini ya Christella. Wageni atawapokea yeye, na milimita zake arobaini na moja. Sawa. Nimestahili.

Mzee Hamduni amenisalimia. Ameniambia, "Mwanangu, siku ingine uogope mapema. Woga wa mapema haujaua mtu." Nikaenda kulia chooni. Nimeapa kwa jina la mama yangu: sitaficha kitu tena.

Saa nane nimefungua ukurasa mpya. Milimita sabini! Inawezekana! Ukuta sijaupima bado, sitaki kujikatisha tamaa.

Tatizo ni Christella. Hukagua kila mstari kwa rula. Lakini Ijumaa hii ni sherehe ya mahari ya dada yake, Mugeni. Saa tisa alasiri atakuwa amevaa mushanana, lile vazi lao la sherehe, gari linapiga honi nje, shangazi zake wanamwita kwa simu. Nitampelekea karatasi arobaini za kusaini kwa mpigo. Ya milimita sabini itakuwa ya thelathini na saba.

Si kuficha. Ni mpangilio tu.