Kiwango cha Taifa cha Mtu wa Mlimani

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na kwa spika mbili zilizokuwa zikikwaruza, kwamba watu wa mlimani hawafanani na watu wa mlimani.

Jambo hili lilikuwa limechunguzwa. Kwa miaka mingi taifa zima lilikaa mbele ya televisheni kila jioni kutazama mchezo wa kuigiza unaopendwa kuliko yote, ambamo mzee mmoja aitwaye Mzee Jabali hushuka mjini kutoka mlimani, huona lifti ikifunguka, na huiamkia shikamoo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha barabara ikatengenezwa hadi chini ya mlima, wapenzi wa mchezo wakaanza kwenda kuwaona watu hao kwa macho yao, na malalamiko yakamiminika wizarani. Mlalamikaji mmoja alisafiri kutwa nzima, akamkuta mtu wa mlimani amekaa kwenye kochi anatazama mchezo uleule, tena hacheki. Mwingine alimwonyesha bibi kizee simu yake ili ashangae, na yule bibi akamwambia kioo kimepasuka, akabadilishe.

"Wananchi wamedanganywa," alisema Waziri wa Taswira na Mandhari siku ya uzinduzi, akiwa mbele ya picha kubwa ya mlima iliyochorwa na mtu ambaye hajawahi kuuona. "Haiwezekani mtu aache kazi zake, apande huko, akute watu wa kawaida. Huu ni utapeli! Kuanzia leo kutakuwa na Kiwango cha Taifa cha Mtu wa Mlimani, na kila mkazi wa mlimani atapimwa."

Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Uhalisia, bwana mpole mwenye suti ya kijivu, ambaye ndiye aliyekiandika Kiwango chenyewe. Alipiga hivyo kwa hofu. Yeye mwenyewe alizaliwa mlimani, na pale ofisini hapakuwa na aliyejua.

Kuficha kwenu si kazi ndogo. Idara ya Uhalisia iko ghorofa ya sita, na lifti iliharibika enzi za waziri aliyetangulia. Maofisa wote hufika juu wakihema hadi hawawezi kusalimia. Mkaguzi, aliyekulia kwenye miteremko, angeweza kupanda ngazi zile na gunia la viazi begani huku akipiga mluzi. Kwa hiyo alijifunza kusimama kila ghorofa, kujishika kiuno na kuhema kwa bidii mpaka mtu apite. Ndivyo alivyopandishwa cheo. Katibu wa wizara alisema huyu bwana anajituma, kila asubuhi anafika amechoka.

Simu za mama yake alizipokelea chooni, kwa kuwa mama alikuwa akiongea na simu kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya bonde.

"Furushi!" mama aliita wiki kadhaa baada ya uzinduzi. Ndilo jina alilopewa utotoni, maana alikuwa mvivu wa kutembea, akabebwa mgongoni hadi majirani wakaanza kusema. "Daraja letu vipi? Vyuma vimelala hapa mtoni, kuku wanatagia humo humo. Na goti langu hili halina tena nguvu za kuzunguka nyuma ya mlima kwenda kliniki."

"Mama, punguza sauti."

"Nimepunguza! Hujanisikia nikipaza."

"Daraja liko kwenye mchakato."

"Mchakato ndiyo nini?"

Mkaguzi alilitazama bomba linalovuja. "Ni kama kusubiri, mama. Lakini kuna watu wanalipwa."

Hakumwambia ukweli wote. Daraja la zamani lilichukuliwa na maji, vyuma vya jipya vikaletwa, na mafundi walikuwa tayari wamepima. Hapo ndipo Kiwango kilipopita, na Kifungu cha Nne kinasema wazi: mtu wa mlimani huvuka mto kwa kamba, akiwa ameshika kuku. Ndivyo mchezo wa Mzee Jabali unavyoanza kila jioni, na Waziri aliipenda sana picha hiyo. Daraja likaonekana ni tishio kwa uhalisia, likasimamishwa. Aliyetia saini ya kulisimamisha ni Mkaguzi. Aliitia haraka, kama anayemeza dawa chungu, kisha akaenda kunawa mikono.

Ili wakazi wasionewe, Idara iliwapelekea mafunzo kabla ya mtihani. Mtaalamu Mshauri alikuwa yule yule mwigizaji wa Mzee Jabali. Nje ya televisheni ni kijana mtanashati, mwenye manukato, aliyelelewa kwenye fleti, anayeogopa mbuzi. Alifundishia darasani katika shule ya msingi ya mlimani, na Mkaguzi akaketi pembeni kusimamia. Aliwahi kuwasihi watu wa nyumbani kwao wajifanye hawamjui. Wakakubali. Walimwita "Bwana Mkaguzi" kwa adabu kubwa, na iliuma kuliko alivyotarajia.

Dawati la mbele alikaa dada yake mkubwa, fundi wa kuchomelea, miwani ya kazi ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. Mlima mzima unamwita Dada Fundi. Ndiye mwenye karakana, ndiye mwenye winchi ya kuvutia malori yaliyokwama.

"Mkiona gari mnasemaje?" Mtaalamu aliuliza.

"Inategemea," alisema Dada Fundi. "Likitoa moshi mweusi, nasema nozeli za injini zimekwisha."

"Hapana, dada yangu. Unafungua mdomo, hivi, kiasi cha embe kuingia. Unasema: Loo! Mnyama huyu anakula nini?"

"Niulize anakula nini, na mimi ndiye ninayemlisha dizeli?"

Mtaalamu alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi, bila kuinua macho, alitamka kwamba mtahiniwa ana upungufu katika Kushangaa. Kisha akasoma sehemu ambayo alikuwa akiiogopa tangu aiandike: mkazi atakayefeli mara mbili atahesabiwa kuwa mkazi asiye wa mandhari, na atahamishiwa bondeni kwa gharama zake mwenyewe.

Shangazi mmoja aliyekuwa akifuma aliweka sindano chini. Mama yake Mkaguzi, aliyeketi karibu na dirisha na goti lake limenyooshwa, akainua mkono.

"Bwana Mkaguzi. Mtu aliyezaliwa hapa, akaondoka, akasahau, yeye anapimwa wapi?"

"Kiwango... hakijafika huko, mama."

"Sawa. Mkataa kwao mtumwa."

"Safi sana!" Mtaalamu aliruka kwa furaha. "Mmesikia? Methali! Kifungu cha Saba: mtu wa mlimani hujibu kwa methali hata akiulizwa saa. Huyu bibi amepita!"

Mkaguzi alitamani sakafu ipasuke.

Walipotoka, Dada Fundi alimvuta hadi nyuma ya choo cha walimu. "Wee Furushi. Unataka tufaulu?"

"Sitaki mhamishwe, dada."

"Na daraja?"

Mkaguzi alikung'uta vumbi kwenye suti. Dada Fundi alishusha miwani yake akamtazama kupitia vioo vile vyeusi, kama anayekagua kiungo kilichochomelewa vibaya.

"Basi nenda kawaambie wakubwa zako tutafaulu," alisema. "Tutafaulu mpaka mkome."

Wakafaulu. Hajawahi kutokea mlima uliofaulu namna ile. Watu waliokuwa wakiuza kabichi kwa simu walizifukia simu kwenye ndoo za mchele mbele ya wakaguzi. Mwalimu wa hesabu alihesabu kondoo kwa vidole, akakosea makusudi, akalia. Waziri alipoletewa matokeo alisimama kwenye kiti chake. Alisema hii ni historia, na historia hairushwi hewani bila yeye. Angekwenda mwenyewe, avuke mto kwa kamba pamoja na wananchi, televisheni ikionyesha moja kwa moja.

"Kuku atakuwepo?" aliuliza.

"Kifungu kinamtaja, Mheshimiwa," alisema Mkaguzi.

Siku ilipofika, upande wa barabara walisimama maofisa, bado wakihema kwa kuteremka kilima, pamoja na kamera, Mtaalamu na Mkaguzi. Upande wa pili walisimama watu wa mlimani, kimya, midomo wazi. Katikati mto ulikuwa ukipita na hasira zake. Kamba ilikuwa imefungwa, na kiti cha mbao kikaning'inizwa kwenye roda, kigurudumu kinachotembea juu ya kamba, ili kivutwe hadi ng'ambo. Waziri aliwatolea watu mzaha mmoja kuhusu mbuzi na mbunge. Hakucheka mtu. Akaketi, akapewa kuku, akavutwa.

Alivutwa vizuri hadi katikati. Hapo roda ikasaga meno, ikagoma. Kiti kikasimama. Kuku, ambaye hakuwa amesaini chochote, aliruka akaenda zake kwenye rundo la vyuma.

"Vuteni!" alisema Waziri, bado akitabasamu kwa kamera.

Watu wa mlimani walimtazama juu, midomo wazi kiasi cha embe.

"Loo!" wakasema kwa pamoja. "Ndege huyu anakula nini?"

"Jamani, nimekwama! Leteni mashine!"

Neno mashine lilipotamkwa, mlima mzima ulitimua mbio. Wakajificha nyuma ya miti, wakawafunika watoto macho, kama Kifungu cha Pili kinavyoagiza. Baada ya muda wakarudi wakinyata.

"Naning'inia huku!"

"Subira huvuta heri," alisema mama yake Mkaguzi.

"Kamba inaachia!"

"Kamba hukatikia pabovu," alijibu shangazi wa kufuma.

Waziri aligeuza shingo. Pale ukingoni Dada Fundi alikuwa ameketi juu ya kitu kilichofunikwa turubai, na upepo ulikuwa umeinua pembe moja.

"Wewe mama! Hiyo si winchi?"

Dada Fundi alichungulia chini yake kwa woga mkubwa. "Sisi tunaliita jiwe lenye mkono, baba. Hatuligusi."

Hapo ghafla watu wote wakaangua kicheko, wakapigana mabega, wakafuta machozi. Waziri alifadhaika, mpaka Mtaalamu alipomweleza kwa kipaza sauti kwamba hawamcheki yeye. Mtu wa mlimani hucheka akichelewa. Ule mzaha wa mbuzi na mbunge ndio kwanza umefika.

"Mkaguzi!" Waziri alipiga ukelele. "Waambie waache!"

Mkaguzi alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, kutoka ng'ambo ya mto, mbele ya kamera na Katibu na taifa zima, sauti moja ikapasua bonde.

"Furushi! Umekula lakini? Mbona umekonda hivyo?"

Maofisa wote wakageuka. Katibu alimtazama suti, akatazama viatu, akamtazama kifua, ambacho kilikuwa kimetulia kabisa baada ya kuteremka kilima chote kile.

"Ni mama yangu," alisema Mkaguzi. Alisubiri ardhi immeze. Haikummeza. Kwa hiyo alirudia kwa sauti zaidi, na akaona kifua chake kimekuwa chepesi. Akaweka viganja mdomoni akaita kama alivyokuwa akiita akiwa mdogo, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu ahamie mjini, na kila neno likafika.

"Mheshimiwa! Hawa wamefaulu! Siwezi kuwaamuru wafeli! Winchi ni kinyume cha Kifungu cha Pili, daraja ni kinyume cha Kifungu cha Nne! Wakikuokoa watahamishwa!"

"Futa!"

"Kifungu kipi?"

"Vyote! Futa vyote!"

"Kufuta kunahitaji mchakato, Mheshimiwa!"

"Mchakato ndiyo nini?" alilia Waziri.

"Ni kama kusubiri," mama alimwelewesha kutoka ng'ambo. "Lakini kuna watu wanalipwa."

Kamba ikashuka kidogo. Viatu vya Waziri vikagusa maji. Akafumba macho, akasahau kamera, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe akasema alichokuwa akikimaanisha.

"Kiwango kimefutwa! Winchi ni halisi! Daraja ni halisi! Nyote ni halisi, nivuteni!"

"Daraja lini?" aliuliza Dada Fundi, bila kunyanyuka.

"Leo! Vyuma vifungwe leo!"

Dada Fundi alivua turubai, akamrushia Waziri kebo ainase kwenye kiti, akawasha. Winchi ilikubali mara moja, kwa kuwa aliitia mafuta asubuhi. Waziri alipofika nchi kavu alisimama akiitazama mashine ile kwa muda mrefu, mdomo wazi, na Mtaalamu alikiri baadaye kwamba hajawahi kuona Kushangaa kukamilika kiasi kile.

Daraja likajengwa. Mama hulivuka na fimbo yake kwenda kliniki, akinung'unika kwamba limenyooka mno, halina pa kupumzikia. Mkaguzi siku hizi hupanda ghorofa sita bila kusimama, na Katibu ameanza kumshuku uvivu.

Tatizo limekuja kwingine. Picha ya Waziri akining'inia ilitazamwa kuliko vipindi vyote vya Mzee Jabali, na mchezo ukabadilishwa. Sasa kila jioni taifa hushika mbavu likimtazama waziri mmoja juu ya kamba, akimlilia kuku. Wapenzi wa mchezo wameanza kufika wizarani kumwona kwa macho yao, na wanarudi na hasira. Wanamkuta ameketi kwenye kiti, halii, hana kuku. Wanasema wamedanganywa.

Malalamiko ya wananchi hayapuuzwi. Mkaguzi ameandika Kiwango cha Taifa cha Waziri, na kimepita. Waziri alipimwa Jumatatu, akafeli. Amepewa nafasi ya pili wiki ijayo, na kamba imeshafungwa dirishani, ghorofa ya sita. Lifti bado ni mbovu.