Wenye Mguu wa Kiberiti

Kinyozi aliacha kunyoa ili agombane, na kichwa cha Wakili kikabaki nusu kimenyolewa, nusu bado.

"Auzwe kwa sababu gani?" kinyozi alifoka, mashine ikinguruma mkononi. "Kiberiti ndiye timu! Mtoe yeye, uone kama hatutabaki na watu kumi wanaokimbia ovyo kama kuku waliomwagiwa maji!"

"Shemeji, mchezaji ni kama nyama," alijibu muuza nyama wa duka la jirani, kisu kikiwa bado kwapani. "Ukichelewa kumuuza, ananuka."

Muuza nyama alikuwa kaka wa mke wa kinyozi. Tangu zipatikane habari kwamba timu kubwa inamtaka mshambuliaji wao, kinyozi alikuwa ameapa kutonunua nyama kwa msaliti, na nyumbani kwake wiki ya tatu sasa watu walikuwa wanakula maharage. Wateja waliokuwa kwenye benchi walikuwa wamegawanyika vilevile: Auzwe upande wa dirisha, Asiuzwe upande wa kioo.

Wakili hakuwa na upande. Mpira hakuujua, kwake kuotea na kona vilikuwa kitu kimoja. Na jina la Wakili alipewa kwa sababu ya tai na mkoba tu, maana mahakamani aliwahi kuingia kwa mlango wa washtakiwa pekee. Lakini watu aliwajua. Akawatazama kupitia kioo, mishipa imewasimama shingoni kwa ajili ya kijana ambaye hawakumiliki hata ukucha wake. Hiyo ilikuwa dhuluma, na Wakili hakuwahi kuvumilia dhuluma yenye faida ndani yake.

Alisubiri muuza nyama aondoke.

"Kaka," alimnong'oneza kinyozi, "ukiwa mmiliki, nani atamuuza bila kukuuliza?"

"Mmiliki wa nini?"

"Wa mguu. Klabu inatoa hisa za mguu wa kushoto, kimyakimya. Wenye mguu wakikataa, haendi popote. Ataendaje na mguu mmoja?"

Kinyozi alifikiri kidogo, na kufikiri kwake ndiko kulikommaliza. "Na wa kulia?"

"Wa kulia anapandia ngazi tu. Achana nao."

Jioni hiyohiyo Wakili aliegemea meza ya muuza nyama, kati ya mizani na maini. "Mkubwa, siku Kiberiti akiuzwa, nani atagawana faida? Wenye mguu." Muuza nyama alijifuta mikono kabla hajamaliza kusikiliza.

Ndani ya wiki moja mguu ule ulikuwa umeuzwa mtaa mzima, kwa wa dirishani na wa kioo pia. Kila mmoja alipewa cheti cha karatasi ngumu chenye picha ya kiatu na muhuri mwekundu, na kila mmoja aliapishwa asimwambie mtu. Bahasha ya pesa ilivimba mkobani. Wakili alikata tiketi ya basi la Ijumaa saa nne.

Ijumaa saa mbili alifungua mlango wa chumba chake akakuta watu wamejaa ukumbini, mbele yao kinyozi na muuza nyama wameshikana mikono.

Siri, kumbe, haikudumu. Kinyozi alikuwa amekwenda kumringia shemeji yake, shemeji naye akachomoa cheti chake.

"Tukatazamana," alieleza muuza nyama. "Miaka yote hii tunatukanana, kumbe tuna mguu mmoja!"

"Jana tumekula nyama," kinyozi aliongeza. "Sasa twende klabuni tukapige kura, auzwe au abaki. Wewe ndiye msimamizi wetu. Beba mkoba."

Angekataaje? Walimzunguka kwa heshima, na heshima ile haikuwa na upenyo wa kukimbilia.

Ofisini kwa klabu walimkuta mama katibu, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Alipokea cheti cha kinyozi akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akakiinua kwenye mwanga. Wakili alitazama dirisha. Lilikuwa na vyuma.

"Nani kawapa hivi?" mama aliuliza.

Vidole vyote vilimwelekea Wakili, kwa fahari. Mama alimtazama juu ya miwani, kuanzia tai hadi soli, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akatabasamu.

"Nilikuwa nawatafuta jamani! Daktari anataka kupasua goti la mguu huu, na sisi tulikuwa hatujui gharama ni ya nani. Kumbe una wenyewe."

Wenye mguu wote wakamgeukia msimamizi wao.

"Mama," Wakili alijikohoza, "kisheria goti si sehemu ya mguu. Goti ni... la pande zote mbili."

"Wakili," muuza nyama alimkata kauli kwa upole, "mimi nimekata nyama miaka ishirini. Goti ni mguu."

"Mfuko upo?" mama aliuliza.

"Upo!" wenye mguu waliitikia kwa pamoja. "Umo mkobani!"

Mkono uliofungua mkoba ulikuwa wa Wakili, ingawa baadaye alishindwa kuamini. Bahasha ikaingia kwenye droo, droo ikafungwa. Mama akaandika stakabadhi na kuigonga muhuri. Wakili aliutazama kwa jicho la fundi: ulikuwa umechongwa kwenye soli ya kandambili, kazi safi kuliko yake mwenyewe. Alifungua kinywa. Akakumbuka kwamba kila neno ambalo angelisema juu ya muhuri ule lingemrudia yeye, akakifunga.

Basi lilikuwa limekwisha ondoka. Jumapili, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Wakili aliingia uwanjani. Kiberiti alikuwa anakimbia kama sungura, gotini hata plasta hana.

"Si anaumwa goti huyu?" alimwuliza mzee aliyekaa karibu naye.

"Huyu? Huyu hajawahi kuumwa hata kichwa."

"Na mama katibu yuko wapi leo?"

"Ameacha kazi juzi. Wanasema amesafiri."

Wakili aliinamisha kichwa. Alikuwa bado ameinama aliposikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Akainuka, akamwona Kiberiti anawapita wawili, anamlaza kipa, anapiga kwa kushoto. Wavu ukatikisika. Wakili akajikuta amesimama juu ya benchi, tai imemfika mgongoni, sauti imemkauka.

"Mguu wetu! Mguu wetu ule!"

Mzee alimvuta shati akicheka. "Furahi tu, bwana. Mwezi ujao wanamuuza."

"Thubutu!" Wakili aligeuka, macho yamemtoka. "Kwa idhini ya nani?"