Nyuzi za Kitunguu

Jumatatu, 6 Mei
Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mimi na shemeji, mdogo wa mke wangu, kila mmoja atamwonyesha jinsi ya kutoa DNA kwenye viini vya seli za kitunguu. Atakayemridhisha ndiye mkuu wa maabara ya shule. Mimi nina miaka kumi na mmoja humu. Yeye miwili! Kazi yenyewe rahisi: ponda kitunguu, tia chumvi na sabuni ya maji, chuja, mimina spiriti baridi. Nyuzi nyeupe zinapanda, ndiyo DNA yenyewe. Spiriti ikiwa na joto, hupati kitu cha maana. Hilo nimeliweka akilini.

Jumatano, 8 Mei
Shemeji ameacha spiriti yake kwenye friji, akaenda zake. Nimechomoa friji. Akili ni mali.

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi nikakumbuka: spiriti yangu nayo imo humo. Ya moto kama chai!

Shemeji kaja na chupa ya chai imejaa barafu, ndani kichupa kingine cha spiriti. Akasema friji ile haiaminiki, kama baadhi ya watu. Nikauliza watu gani. Akauliza dada yake hajambo.

Nikakimbilia sanduku la huduma ya kwanza. Pamba. Nikaichambua uzi mmoja mmoja, nikaitumbukiza kwenye neli yangu ya kioo.

Mkaguzi akashangaa. Hajawahi kuona kitunguu chenye DNA nyingi hivyo. Nikasema ni uzoefu tu, mzee. Shemeji, kwa adabu zote, akaomba nyuzi zote zitiwe kwenye maji safi. Zake zikayeyuka taratibu. Zangu zikaelea. Mkaguzi akazinyanyua kwa kibanio, akauliza kitunguu changu kilikuwa na kidonda gani.

Ijumaa, 10 Mei
Funguo za maabara kapewa shemeji. Mke wangu anasema akili hiyo iko kwenye damu yao. Mwalimu mkuu kanipa nafasi ya mwisho: nirudie Jumatatu mbele ya darasa. Nikivurunda, nahamia stoo ya madawati.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari siku mbili. Kosa nimelijua: pamba haiyeyuki!

Sukari inayeyuka. Nimeichemsha, nimeivuta ikawa nyembamba kama nywele. Mke wangu kauliza kwa nini nisiponde tu kitunguu kama wenzangu. Nimemwambia sayansi haina njia ya mkato.

Sisimizi wameshajaa kwenye neli. Dalili njema. Kesho nani atathubutu kusema DNA yangu haikutoka kwenye kitu chenye uhai?