Hotuba ya Kuzindua Chuo cha Askari Wasiobeba Bunduki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa kuwa hakufika nakaimu nafasi yake mimi mwenyewe, kwa hiyo najisalimu. Waheshimiwa wakuu wa idara mliokuja, na mliotuma wawakilishi, na mliotuma viti vyenu tu tukavipanga mbele. Wazee wa mtaa, wazee wastaafu na wazee watarajiwa. Maofisa wa polisi wenye vyeo na askari mnaovisubiri. Akina mama wa sokoni, ambao nimeambiwa mmefunga meza zenu kwa hiari baada ya kufungiwa. Wanafunzi mliopangwa juani tangu asubuhi kwa manufaa ya mifupa yenu. Stekiholda wote katika ngazi na madaraja yenu: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, imetambuliwa. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Nasimama mbele yenu, mimi Mratibu Mkuu wa Usalama wa Raia, nikiwa nimejaa unyenyekevu ambao si kila kiongozi amejaliwa, ili kuzindua jengo hili mnaloliona nyuma yangu limefunikwa pazia jekundu, ambalo ni Chuo cha Askari Wasiobeba Bunduki, chuo cha kwanza cha aina yake, kilichotokana na maono yangu binafsi, maono yaliyonijia nikiwa ofisini, mchana, tena nikiwa macho. (Makofi. Mshereheshaji anainua mikono, makofi yanaongezeka kidogo.)

Wapo wanaouliza, chuo hiki cha nini. Ni swali zuri, ingawa limeulizwa na watu wabaya. Ili mnielewe, sharti nirudi nyuma. Ninyi mnajua, na mimi nimeandikiwa hapa, kwamba kwa miaka mingi askari wa kituo chenu walipiga doria sokoni bila bunduki. Alikuwepo koplo mmoja, mtu mzima, ambaye akina mama mlimbandika jina la Mikono Mitupu. Huyu alitembea na filimbi na kirungu, na kirungu chenyewe, kwa mujibu wa taarifa, kazi yake kubwa ilikuwa kuuzuia mlango wa kituo usijibamize kwa upepo. Akimkamata mwizi, anamshika mkono, wanakwenda kituoni wakizungumza kama mtu na shemeji yake. Mwizi mmoja alipomponyoka, koplo hakumkimbiza. Alikwenda nyumbani kwao akakaa na mama yake wakanywa chai, na jua kabla halijazama mwizi akajileta mwenyewe. (Vicheko. Sauti ya mwanamke: "Ni kweli, mwanangu huyo.") Kaa chini, mama. Huo si mfumo. Serikali haiwezi kumtegemea mama wa mwizi.

Ndipo majambazi wakamvamia ndugu yetu muuza simenti, mchana kweupe, na bastola. Simama ndugu yangu, wakuone. (Muuza simenti anasimama katika viti vya mbele: "Mheshimiwa, nilipigwa kitako cha bastola, meno yakabaki sakafuni. Koplo alifika mapema, siwezi kumsingizia. Lakini alifika na filimbi. Jambazi akamwelekezea bastola, naye akasimama mlangoni, hakukimbia, ila hakuwa na la kufanya. Nampenda koplo kama kaka yangu. Lakini siku ile, nikiwa nimelala kwenye damu yangu, nilitamani awe na bunduki." Wengine wanatikisa vichwa kukubali.)

Mmesikia. Nami nilisikia, na nilipojisikia nikisikia, nikachukua hatua. Nilitoa agizo kwamba kila askari aliye zamu abebe bunduki, anayekwenda doria, anayeandika maelezo, hata anayechemsha chai. Mafunzo elekezi yalitolewa kwa nusu siku nzima, pamoja na picha ya pamoja. Na matokeo, yaani impakti, yalikuwa makubwa: uhalifu ulishuka kwa asilimia themanini, upungufu ambao sehemu yake tuliupata kwa kuacha kuandikisha kesi za kuku, lakini takwimu ni takwimu. (Makofi.)

Sasa nafika kwenye aya ambayo washauri wangu walinishauri niiruke. Mimi si kiongozi wa kuruka aya. Nitaipita kwa mwendo wa pole. Mwezi wa pili baada ya agizo langu, palitokea pale kituoni kile ambacho taarifa yetu inakiita mwingiliano usiotarajiwa baina ya risasi na fundi seremala. (Minong'ono.) Fundi aliitwa na mkuu wa kituo arekebishe ule mlango. Akaurekebisha, na naarifiwa aliurekebisha vizuri. Akatoka nje mkononi ameshika keke yake ya kutobolea mbao. Askari kijana alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka lindo, hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna fundi, akaona kitu chenye mpini na mdomo, akapiga kelele, "Tupa chini." Fundi, ambaye masikio yake yalikwisha choshwa na nyundo za miaka mingi, akamuuliza, "Unasemaje, mwanangu?" Akageuka ili asikie vizuri, na keke ikageuka pamoja naye. Hapo risasi ikatoka. Nasisitiza: ilitoka. Hatujasema ilitolewa.

(Mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la kijivu anasimama katikati ya uwanja. Ni mjane wa fundi. "Mheshimiwa, nina swali.")

Mama, maswali yametengewa muda baada ya viburudisho.

("Sikuja kunywa soda. Yule kijana aliyempiga mume wangu risasi, bado anabeba bunduki?")

Swali lako limepokelewa, mama yangu, na linajibiwa kama ifuatavyo. Askari huyo alifanyiwa tathmini ya kina, ikabainika kuwa amepata mshtuko, akapewa pole, likizo, na hatimaye mazingira mapya ya kazi yanayozingatia utulivu wa nafsi yake, kwa kuwa serikali hii haimtupi mtu.

("Sisi je? Mimi nauliza, anabeba au habebi?")

Mama, serikali haijibu kwa neno moja. Ikijibu kwa neno moja, sisi wengine tutafanya kazi gani? (Kicheko cha mshereheshaji, peke yake. Mjane haketi.) Sawa, simama, uwanja ni wa umma.

Na kwa kuwa naona mabango kule nyuma yanamtaja koplo, niseme kwamba naye alifanyiwa tathmini. Siku hiyo, badala ya kusubiri taratibu, alivua shati lake la sare akalifunga kwenye jeraha, akambeba fundi mgongoni, akapita naye katikati ya soko kifua wazi akikimbilia zahanati. Mashahidi wanasema alikuwa akimwambia, "Usilale, fundi, nisimulie mlango ulikuwa na nini." Na fundi alikuwa akimsimulia, bawaba, komeo, ubao uliovimba kwa mvua. Walipofika kwa wauza mchele akanyamaza. Koplo akaendelea kumuuliza mpaka mlangoni kwa daktari. (Mwanamke analia mahali fulani upande wa kulia.) Kwa hiyo, kwa lugha ya kiutawala: shati, ambalo ni mali ya serikali, liliharibika, askari alionekana hadharani bila sare, na alasiri hiyohiyo akaipeleka bunduki yake dirishani kwa mtunza silaha, akasema, nanukuu, "Ipokee, nimekwisha kuona kazi yake." Makosa matatu kwa siku moja. Tulimsimamisha kazi. (Umati unazomea.) Zomeeni polepole, waandishi wa habari wapo.

Lakini mimi ni kiongozi msikivu. Wanaotaka bunduki niliwasikia, wasiotaka nikawasikia, na kwa hekima ya kusikia kwa masikio yote mawili kwa pamoja nikabuni fremuweki ya kati na kati. Chuo hiki, katika feizi yake ya kwanza, kitakuwa na maabara ya filimbi, ukumbi wa kujifunzia kusema "tafadhali", na kitengo cha utafiti kuhusu mama wa wezi. Askari elfu mbili watahitimu kila mwaka, na wa mwaka jana tayari wapo kwenye ripoti. Na kwa wale wenye hofu, kama ndugu yangu muuza simenti, nasema msiwe na hofu: askari atabaki na bunduki yake begani, ila risasi zitatunzwa makao makuu. Jambazi akitokea, askari atapiga simu, na risasi zitaletwa na pikipiki, endapo pikipiki itakuwa na mafuta.

(Muuza simenti: "Na jambazi atasubiri?")

Jambazi ataelimishwa. Tumetenga semina. (Vicheko vya uchungu.) Mnacheka, lakini mjue kwamba wataalamu wa rodimapu hii ni watu waliosoma mpaka vitabu vikaomba

(Mlio mkubwa. Nyuma ya hema, tairi la gari la maji limepasuka kwa jua. Watu wanajitupa chini, viti vinaanguka, wanafunzi wanalia. Mlinzi wa Mheshimiwa, kijana aliyekuwa amesimama kushoto kwa meza, ameinua bunduki na kuielekeza uwanjani. Uwanjani waliobaki wima ni wawili. Mmoja ni mjane. Wa pili ni mwanamume mwenye mvi, amevaa shati la kiraia, anayekuja kutoka safu ya nyuma akikanyaga kwa uangalifu katikati ya watu waliolala, viganja vyake viko wazi mbele ya kifua. Ni koplo.)

Nipo. Naendelea. Nimeinama kuokota kalamu. Mshereheshaji, sogea, meza hii ni ya mtu mmoja.

(Koplo: "Ni tairi, mwanangu. Tairi la gari la maji."

Mlinzi: "Afande, rudi nyuma."

"Siwezi, magoti yangu yakishaanza kwenda mbele hayajui kurudi. Nitazame mimi, usimtazame yule mama. Mikono yangu unaiona?"

"Naiona."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi toa kidole hapo. Polepole. Hakuna anayekuharakisha."

Kijana anakitoa kidole. Koplo anafika, anauweka mkono wake juu ya mtutu kama mtu anayemshika bega mgonjwa, anaushusha mpaka unatazama ardhi. Anatoa risasi, anazitia mfukoni mwake. Kijana anakaa chini, uso kwenye magoti.

Mjane amekaribia. Anamtazama kijana. "Ni huyu," anasema.

"Ndiye, dada yangu," koplo anajibu.

"Kwa hiyo alikuwa anabeba."

"Alikuwa anabeba."

Mjane anainama. "Wewe. Ulimsikia mume wangu alivyokujibu? Alikuita mwanangu."

"Nilisikia, mama," kijana anasema bila kuinua uso. "Nasikia kila siku.")

Asanteni. Asanteni sana. Naomba mnyanyuke, mjipanguse. Mlichokiona sasa hivi ni zoezi la utayari, ambalo kwa sababu za kiusalama hatukuwa tumewaarifu, na mimi mwenyewe sikuwa nimearifiwa. Zoezi limefana. Hakuna aliyeumia, na hilo limewezekana kwa uongozi imara, uliokuwa ukifuatilia hali kutoka eneo la chini kimkakati. Sasa kuhusu huyu koplo, ambaye amemnyang'anya silaha askari aliye zamu huku yeye mwenyewe akiwa amesimamishwa: maofisa, mkamateni. (Hakuna ofisa anayesogea.) Basi mpongezeni. (Hakuna anayesogea.) Basi subirini niulize juu.

(Koplo anaiweka bunduki juu ya meza ya Mheshimiwa, juu ya karatasi za hotuba, halafu anampa mjane mkono. Wanaanza kuondoka. Baada ya hatua chache mjane anasimama, anageuka, anamwambia kijana, "Inuka, usikae kwenye vumbi." Kijana anainuka, anawafuata kwa mbali, kofia mkononi. Akina mama wa sokoni wanaanza kukunja mikeka. Muuza simenti amefunika mdomo kwa kiganja. Anamtazama koplo mpaka anapotea kwenye kona.)

Ndugu wananchi, hafla haijaisha. Viburudisho bado. Naomba tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema "Usalama", mseme "Ni wetu sote". Usalama. (Mshereheshaji: "Ni wetu sote.") Nikisema "Bunduki", mseme "Kwa mpangilio". Bunduki. (Mshereheshaji: "Kwa mpangilio." Sauti yake inakauka.) Nikisema "Mratibu", mseme "Hatumwachi". Mratibu. (Mshereheshaji anatafuta viatu vyake.)

Kwa namna ya pekee kabisa nitoe shukrani. Niwashukuru wapiga tarumbeta, ambao waliniunga mkono kwa kukubali kuvaa sare na kupigwa picha wakiwa wahitimu wa mwaka jana. Zile sare zirudishwe leo. Nimshukuru fundi rangi kwa kuupaka ukuta huu wa mbele, na kwa busara yake ya kutopaka kuta nyingine. Nimshukuru tena ndugu yangu muuza simenti kwa kutuazima ghala lake asubuhi hii: ndugu, mifuko yako iliyopo nyuma sasa unaweza kuirudisha ndani, ila kibao chetu ukibandue taratibu, kinatakiwa mchana kwenye mtaa mwingine, nako tunazindua chuo hikihiki. Na wafadhili wetu nawashukuru kwa dhati, popote walipo, na wakipatikana nitawashukuru kwa majina. Chuo chenyewe, Mungu akipenda, tutaanza kukitafutia kiwanja.

Asanteni kwa kunisikiliza, na mlioondoka, asanteni kwa kuondoka kwa utulivu. (Uwanja ni mtupu. Muuza simenti amekwisha vua koti, anabeba mfuko wa kwanza begani.) Ndugu yangu, samahani, kabla hujaingia ndani. Mlinzi wangu ameondoka, dereva simwoni, na hii bunduki siwezi kuiacha hapa mezani, ni mali ya serikali. Hebu niambie, hii inashikwa wapi?